Mlango wa Dereva

Tulipoachana wiki iliyopita, Osob alikuwa kizingitini kwa Awil dalali, mkono mmoja umeshika pazia, wa pili umeziba mdomo. Mbele yake, juu ya mkeka, alilala mtu aliyefunikwa sanda nyeupe kuanzia utosini hadi vidole vya miguu. Pembeni Bishara, mke wa Awil, alikuwa akilia kilio cha kusikika sokoni.

Wengi mmeniuliza nani kamuua Awil. Msomaji mmoja amenitaka nimfufue, maana alikwisha mzoea. Tulieni.

"Inna lillahi," akanong'ona Osob.

Si kwamba alimpenda sana Awil. Ni kwamba katika Garissa nzima, mwaka ule wa 1966, Awil peke yake ndiye aliyejua lilikokwenda gari la baba yake. Na bila gari lile baba yake angekwisha.

Kwa aliyekosa kutusoma, mambo yenyewe ni haya. Mzee Abdille, babake Osob, alikuwa mahabusu kwa sababu ya mlango. Askari wa doria waliuokota porini, njia ya Balambala: mlango wa pikapu kuukuu, wa upande wa abiria, rangi ya kijani, na katikati yake alama ya ngamia wa Abdille, duara lenye mkia, imechomwa kwa chuma cha moto. Inspekta Mbuvi akapiga hesabu yake fupi. Mlango upo, basi gari lipo. Gari lipo porini, basi shifta, wale waasi wa porini, ndio wanaolipanda. Alama ni ya Abdille, basi shifta ni watu wa Abdille.

Mzee aliapa kwamba gari aliliuza zamani, kabla ya Uhuru. Shida ni kwamba aliliuza kama alivyouza ngamia: mikono chini ya shuka, vidole vikizungumza, dalali katikati, na muuzaji na mnunuzi wakiachana bila hata kujuana majina. Na alama? Alilichoma gari chuma cha moto milango yote miwili kwa sababu hakuona tofauti. Ngamia hubeba mizigo, gari hubeba mizigo. Ngamia hugoma asubuhi, gari likagoma asubuhi.

Sasa ngamia wa ukoo walikuwa wamefungiwa kwenye boma la miiba nyuma ya kituo, wakingoja mnunuzi wa nyama. Na mzee mwenyewe angeondoka siku hiyohiyo, baada ya adhuhuri, na msafara wa askari uliokuwa ukienda bara. Waliopelekwa bara wakati ule, familia zao zilikuwa bado zinawangojea.

Ndiyo sababu Osob aliitazama ile sanda kama mtu aliyefungiwa mlango usoni.

Hapo maiti ikapiga chafya.

Kisha, kwa adabu ya Mwislamu aliyelelewa vizuri, ikasema, "Alhamdulillahi."

"Yarhamukallah," akajibu Bishara katikati ya kilio, na akaendelea kulia.

Bishara ndiye aliyegundua kosa wa kwanza. Akafuta machozi ambayo hayakuwepo.

"Adeer Awil," alisema Osob, akimwita ami kwa Kisomali, amejishika kiuno. "Kufa kumekupendeza?"

Vidole vya miguu vikajikunja chini ya sanda.

"Haya. Namwita sheikh aje akuswalie. Kaburi litachimbwa sasa hivi, maana jua hili halimngoji marehemu."

"Usimwite!" Awil akaketi, ndevu zake nyekundu za hina zimesimama kila upande. "Ungetaja jina lako nje, ningefufuka mapema. Nilidhani ni askari. Kila aliyewahi kugusa gari lile anatafutwa, na mimi nimeligusa mara mbili."

"Mara mbili?"

Awil akang'ata ulimi. Dalali mzima, miaka yote hiyo ya kuficha siri chini ya shuka, sasa amemwaga mtama mwenyewe.

"Mara ya kwanza lilikwenda kwa Noordin, mtu wa Lafey kule mpakani," alisema kwa shingo upande. "Noordin amevuka mpaka siku nyingi, usimtafute. Lakini kabla ya kuvuka akaniambia niliuze tena."

"Ukamuuzia nani?"

"Siwezi."

"Adeer, sikuulizi bei. Nakuuliza jina."

"Bei ningekupa! Jina ndilo siwezi. Aliniapisha kwa Mwenyezi Mungu." Awil akajifunika sanda hadi kidevuni, kana kwamba ingemsaidia. "Nitakwambia kitu kimoja tu, na hicho sikuapa kukificha. Mkono wake nimeushika chini ya shuka. Mkono laini, wallahi, kama wa bibi harusi. Haujakama ngamia hata siku moja."

"Na gari?"

Awil akamtazama mkewe. Bishara akatazama dari.

"Nenda ukanywe chai kwa Sharifo," alisema Awil. "Sasa tafadhali niache nife."

Osob alitoka amekasirika. Chai! Baba yake anapelekwa bara, yeye anaambiwa akanywe chai. Asubuhi ileile mumewe, Hirsi, alikuwa amemwambia asijisumbue kwenda kwa Awil. "Huyo mzee amechanganyikiwa, niachie mimi mambo ya kituoni," alisema, akipunga bakora yake.

Na Hirsi si mtu wa kupuuzwa kituoni. Alikuwa mkalimani wa Inspekta Mbuvi. Kila neno la mzee Abdille lililofika kwenye faili lilipita kwanza mdomoni mwa mkwewe. Osob alikuwa akimshukuru Mungu kwa hilo kila swala.

Akaenda kwa Sharifo.

Kibanda cha Sharifo kilikuwa karibu na kituo, na karibu nusu ya askari wa Garissa walikuwa wakinywa chai pale. Paa la turubai, kuta za mikeka, na ndani kiza kitamu chenye harufu ya iliki. Osob alikuwa amepita hapo mara nyingi akipeleka maziwa, lakini maziwa hupokelewa nje. Leo aliingia.

Askari mmoja mnene alimsogezea nafasi. "Mama maziwa, habari ya gari? Bado sisi tunatafuta. Jana tumezunguka pori mpaka tairi mbili zikapasuka."

"Mungu atawasaidia," alisema Osob.

"Gari kubwa namna ile haliwezi kupotea," askari alisema, akaegemea vizuri na kuweka kikombe chake juu ya kitu kipana, cha bati, kilichopinda kidogo mbele.

Osob akakitazama kile kitu. Juu yake palikuwa na sahani ya mahamri. Chini ya sahani palikuwa na rangi ya kijani.

Ilikuwa boneti.

Akageuka. Benchi walilokalia askari watatu lilikuwa kiti cha pikapu, kamba zimetoka. Jiko la mkaa lilikuwa limewekwa nyuma, kwenye sehemu ya mizigo, pale zamani walipopakiwa mbuzi. Na Sharifo mwenyewe, mwanamke mpana mwenye sauti ya kuamrisha, alikuwa ameketi nyuma ya usukani, akitoa chai kupitia tundu la mlango usiokuwepo.

Ndilo! Gari lililokuwa likisakwa kutoka Balambala hadi mpakani, gari lililoipasulia serikali matairi, lilikuwa limesimama juu ya mawe, halina gurudumu hata moja, na linawachemshia chai wanaolisaka.

Osob alitaka kucheka, alitaka kulia, akaamua kunywa chai. Askari walipoinuka kwenda zamu, akamrukia Sharifo.

"Eedo, shangazi yangu, hili ni gari la baba yangu!"

"Punguza sauti," alisema Sharifo bila kushtuka. "Umechelewa sana kujua. Kila siku nangoja mmoja wao achungulie chini ya sahani."

"Na mlango uliookotwa porini?"

"Wa abiria? Niliwapa wachungaji wafunikie kisima, mbuzi wasitumbukie. Nilifanya wema." Sharifo akavuta ushungi wake. "Hakuna shifta, hakuna bunduki. Mbuzi tu. Lakini ukisema gari ni hili, watanichukua mimi badala ya baba yako, na mimi ni mpangaji tu."

"Nani amekupangisha?"

"Sijui! Awil ndiye huja kwa niaba yake. Mwenyewe ana haya, sijui haya gani hiyo. Ila alama yake ipo. Noordin aliweka yake, na huyu aliyekuja mwisho akaweka yake, kama desturi. Mlango wa dereva, ndio anaoingilia mwenye mali. Alama zote tatu zimepangana pale, ya baba yako ikiwa juu."

Ile ndiyo hati pekee ambayo watu wa kwao hawakuwahi kuipoteza. Mali ikiuzwa, alama ya zamani haifutwi, mpya huongezwa chini yake. Mlango wa dereva ungemsemea baba yake kila kitu.

"Uko wapi huo mlango?"

Sharifo alikohoa, kwa mara ya kwanza akionyesha aibu.

"Mchwa walikula meza ya Inspekta," alisema. "Akaja hapa akalalamika. Nikampa."

"Nini?"

"Ni meza nzuri. Ameitandikia kitambaa chenye maua, kazi ya mke wake. Hapo ndipo anapoandikia kesi ya baba yako."

Osob hakungoja. Kule msikitini walikwisha adhini adhuhuri. Akachukua birika kubwa la Sharifo, lililojaa chai ya moto, na vikombe, akavuka kwenda kituoni mwendo wa mtu anayefukuzwa.

Ofisini walikuwapo wote. Inspekta Mbuvi, mtu mfupi mwenye masharubu yaliyokatwa kwa uangalifu, alikuwa akipiga muhuri karatasi za msafara. Mlango wa abiria ulisimamishwa ukutani, una kibandiko cha ushahidi. Mzee Abdille aliketi sakafuni, pingu mikononi, kofia yake safi, amenyooka mgongo kama aliyealikwa. Kando ya meza alisimama Hirsi, shati la mikono mirefu, bakora chini ya kwapa.

"Nani ameagiza chai?" akauliza Inspekta.

"Sharifo amesema ni zawadi ya msafara, afande," akajibu Osob kwa Kiswahili chake cha sokoni.

Hirsi akamkazia macho. "Nenda nyumbani," akamwambia kwa Kisomali. "Nimekwambia niachie mimi."

Osob akamwaga. Hakumimina, alimwaga birika zima, kuanzia kona ya kitambaa hadi kona nyingine.

"Bole, afande! Bole sana!" akalia, kwa ulimi wa Kisomali unaoigeuza pole kuwa bole.

Inspekta aliruka na karatasi zake, akilaani, akanyakua kitambaa cha mkewe kabla chai haijaharibu maua. Na chini yake, ikitoa mvuke, meza ikabaki uchi.

Kitasa cha mlango. Tundu la dirisha lililozibwa kwa ubao. Rangi ya kijani. Na alama.

Inspekta Mbuvi hakuwa mjinga, msidanganyike na hesabu zake fupi. Aliitazama meza, akautazama mlango ukutani, akaitazama tena meza. Ule uliokuwa ushahidi ulikuwa na kitasa upande mmoja, na ule uliokuwa fanicha ulikuwa na kitasa upande wa pili. Muda wote huo alikuwa akiandika habari za gari juu ya gari.

"Nilidhani ni michubuko," alisema polepole. "Hirsi. Soma."

Hirsi alisogea. Osob aliona akihamishia bakora kwapa la pili.

"Ya juu, afande, ni ya mzee Abdille."

"Naijua hiyo. Ya pili?"

"Mistari miwili na nukta. Ni ya Noordin, mtu wa Lafey. Alivuka mpaka zamani."

"Kwa hiyo mzee aliliuza kweli?"

"Inaonekana hivyo, afande."

Osob akashusha pumzi aliyokuwa ameizuia tangu kwa Awil. Lakini furaha yake haikufika mbali.

"Alimuuzia mtu aliyevuka mpaka," Inspekta akasema, akirudi kwenye karatasi zake. "Basi alimuuzia shifta. Safari ni ileile, nitabadilisha sababu tu. Labda kama gari lilirudi tena kwa mtu wa hapa. Hii ya tatu ni ya nani?"

Osob akainama aitazame. Ilikuwa chini kabisa, ndogo, imejaa kutu: mistari mitatu iliyotoka mahali pamoja, kama unyayo wa ndege.

Unyayo wa ndege aliujua. Ngamia wa mahari yake walikuja nao shingoni. Alikuwa akiuona kila jioni, umechongwa kwenye bakora iliyoegemezwa ukutani, kando ya kitanda chake.

Macho yake yakaenda kwenye mikono ya mumewe. Mikono laini, mikono ya kalamu. Haijakama ngamia hata siku moja.

Akaelewa yote kwa mara moja, na aibu nayo akaielewa. Mkwe kununua kwa kificho kitu ambacho baba mkwe alikiuza kwa shida zake, halafu kukikodisha kwa muuza chai! Hirsi asingeweza kuuinua tena uso wake mbele ya ukoo. Haikuwa dhambi kubwa. Dhambi ilikuja baadaye, mlango ulipookotwa, naye akanyamaza. Alikaa hapa kila siku, akayageuza maneno ya mzee kuwa Kiswahili kizuri, akanyamaza.

Hasira ilimpanda Osob hadi masikioni.

"Hirsi," Inspekta akarudia. "Ya tatu."

Hirsi aliikaza bakora kwapani. "Hiyo si alama, afande," alisema. "Ni kutu."

Inzi walikwisha ipata chai.

"Kutu?"

Hapo akasema mtu ambaye hakuna aliyemuuliza. Mzee Abdille alikuwa amenyanyua shingo, macho yake makali bado, macho yaliyotambua ngamia wake katikati ya kundi la watu wengine tangu utotoni. Akaitazama alama. Akamtazama mkwewe kwa muda mrefu. Kisha akamtazama binti yake.

"Kutu, bwana," akasema kwa Kiswahili. "Mimi naona kutu tu. Haya, twende kwa gari ya safari."

Machozi yakamtoka Osob bila kuombwa.

"Aabo!" akalia kwa Kisomali. "Unaiona vizuri kuliko sisi sote!"

"Watoto wako wana baba mmoja," akajibu mzee, kwa upole, kwa lugha ileile.

"Na mimi nina mmoja."

Inspekta Mbuvi, asiyejua Kisomali, akaweka kalamu chini. "Wanasemaje hao?"

Hirsi alikuwa amelowa jasho kwapani, pale bakora ilipobanwa.

"Wanaagana, afande," akatafsiri.

Nje injini za msafara zilikuwa zimewashwa. Askari mnene akaingia, akamshika mzee Abdille kiwiko, akamwinua. Mzee hakugeuka nyuma.

"Subiri kidogo, afande," alisema Osob.

Aliisema kwa sauti ndogo, lakini askari akasimama. Osob akashika pindo la shuka lake, akalichovya kwenye chai iliyotuama mezani. Hirsi akamtazama, akamtikisia kichwa mara moja, kama anavyotikisa mtu anayeomba.

"Bwana yangu ni msomi, amesema ni kutu," Osob akamwambia Inspekta. "Kama ni kutu, itatoka."

Akaanza kusugua. Alisugua kama anavyosugua chombo cha maziwa, kwa mkono mzima. Vumbi jekundu likatoka, likachanganyika na chai, likachirizika hadi kwenye karatasi zenye muhuri. Inspekta hakuziokoa. Alikuwa ameinama, masharubu yake karibu yaguse bati.

Kutu ilitoka yote. Chini yake mistari mitatu ikabaki, safi, imekatwa ndani ya rangi na mkono ulioogopa kubonyeza sana.

Inspekta Mbuvi akaitazama kwa utulivu. Akakunja uso, kama mtu anayejaribu kukumbuka alikoiona. Kisha akainua kichwa polepole, akapita uso wa Osob, akapita uso wa mzee Abdille mlangoni, na macho yake yakatua juu ya bakora ya mkalimani wake.

"Hirsi," alisema. "Hebu nipe hicho kijiti."